Nilimtwisha Wifi Lawama ya Manda Zangu

Wenzangu, nimemkosea wifi yangu, na kila nikijaribu kujitetea naishiwa maneno. Nisitirini jina tu.

Huyu ni mdogo wa mume wangu, tulikuwa tunaishi naye hapa Ifakara. Aliwahi kuwapikia Wachina waliokuwa wanajenga barabara, akajua dampling: nyama ya kusaga unaifunga kwenye unga mwembamba, unaipika kwa mvuke. Alipochumbiwa, mama mkwe wake mtarajiwa akazisikia sifa, akasema siku wakija kutoka Mahenge lazima aonje.

Siku hiyo wifi alitayarisha nyama, akaenda kuwapokea wageni stendi. Unga akaniachia mimi. "Wifi, ukande uwe mgumu kidogo, usukume viduara. Nakutegemea."

Jamani, sikukanda! Nilikaa nachati kwenye simu mpaka nikaambiwa wameshashuka. Nikakumbuka manda za filo kwenye friji, alizoniletea dada yangu kutoka Dar, zile nyembamba kama karatasi. Nikajisemea, manda ni manda. Nikafunga nyama humo, nikabandika kwenye mvuke.

Kumbe filo ni ya kuoka au kukaanga! Ilirojeka yote. Nilipofunua sufuria niliona uji wenye nyama, na wageni walishanawa mikono!

Ningemwita pembeni nimwambie. Sikumwita. Nikapeleka hivyo hivyo.

Mama mkwe akachota, akakitazama kijiko. "Ndiyo hiki mnachokisifia?"

Wifi akanigeukia. "Wifi, umetumia nini?"

Wote wakaniangalia. Aibu ikanibana, nikasema, "Si wewe mwenyewe ulinionyesha zile manda? Ulisema zinafaa."

Uongo mtupu, Mungu wangu! Wifi hakutaka tugombane mbele ya wakwe. Akapiga magoti. "Samahani mama, nimekosea mimi."

Mama akacheka kicheko kibaya. "Basi mwanangu atakula hotelini."

Uchumba haukuvunjika, lakini sifa ya kutojua kupika imemganda huko Mahenge. Wifi akahamia kwa shangazi yake Mngeta. Harusini mimi ndiye niliyekuwa nimsimamie; amechagua mwingine. Mume wangu anadhani ni wasiwasi wa bibi harusi tu. Sijamwambia!

Wiki iliyopita nilipanda basi nikamfuata Mngeta. Akanikaribisha, akanipa maji. Nililia, nikamwomba msamaha.

Akasema taratibu, "Chakula ningepika kingine, wifi, siku ile ile. Sasa nikimwambia mama mkwe kwamba si mimi niliyeharibu, ataniamini?"

Nikamwahidi nitakwenda Mahenge mwenyewe kusema ukweli. Mpaka leo kila asubuhi napata kisingizio!

Dada zangu, ukiharibu chakula, sema hapo hapo jikoni. Kaanga mayai, wageni watakula na watasahau. Usimtwishe mwenzio. Mimi sasa hivi begi liko mlangoni, basi la Mahenge linapita, na bado nimekaa.