Mkwe Kwenye Kioo cha Simu

Ghati hakuwa mtu wa kuchezea mila. Kila mkwe wake Enos alipokuja Nyasura kuwasalimu, yeye alikula jikoni, maana kwao mama mkwe hatafuni mbele ya mume wa binti yake, na hata kumtazama usoni ni aibu.

Jioni hii alikuwa sebuleni, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai, akifuatilia kwa video mhadhara wa malezi kwa walimu wa mkoa mzima, naye akiwa mmoja wao. Njaa ilimzidi. Akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi wa dagaa, akatia kinywani. Ndipo alipomwona Enos, huko Musoma, katikati ya nyuso zilizojaa kwenye kioo, macho yamemtoka.

"Mungu wangu! Na shavu limejaa hivi!"

Akanyanyuka na bakuli lake, akajibanza nyuma ya mlango.

"Mbona naona viti viwili vitupu?" mhadhiri alilalamika. "Mwalimu Enos, upo? Hebu tuambie, ninyi akina baba mnasaidia nini nyumbani?"

"Nipo, ila nimesogea pembeni kidogo," sauti ya Enos ilijibu. "Mimi mtoto namuogeshaga mwenyewe. Mama yake akirudi kazini amechoka, anakuta tumeshalala."

Ghati, aliyekuwa akijiuliza tangu harusi kama binti yake ameangukia pazuri, alisahau kutafuna. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyemwona, akamtabasamia mkwe wake kwa mara ya kwanza.