Kompyuta Zilizomsubiri Mgeni Rasmi

Mwaka 2003, baada ya miaka kumi na minane ya kufundisha sayansi Chukwani, Bi Arwa alipata alichokitamani: kompyuta tatu za msaada. Kwa wiki mbili yeye na wanafunzi wake wa kidato cha pili walichora humo moyo wa binaadamu unaopiga, damu ikiingia huku na kutokea kule. Ummy, mmoja wao aliyekuwa akilia kwa kutolielewa somo hilo, siku moyo ulipoanza kupiga alicheka kwa kuelewa.

Ndipo mwalimu mkuu, Mzee Simai, akakifunga chumba cha kompyuta.

"Vitu havijazinduliwa, Bi Arwa. Mgeni rasmi aje akate utepe kwanza."

"Mtihani ni Novemba, mwalimu. Watoto wangu wasomee nini?"

"Kwani wewe ulisoma kwa kompyuta? Mbona umefika!"

Walimu waliokuwapo wakaangua kicheko. Mgeni akaahirisha mara tatu. Kila Bi Arwa alipochungulia dirishani aliziona zimefunikwa vitambaa vya kudarizi, kama vyombo vya harusi, na upepo wa chumvi wa baharini ukipenya kwenye wavu.

Mgeni alikuja Machi ya mwaka uliofuata. Utepe ukakatwa, kitufe kikabonyezwa, kimya. Kutu ilishazila zote tatu kwa ndani. Mgeni akatabasamu, watu wakapiga makofi, na Bi Arwa akapiga nao. Wanafunzi waliouchora ule moyo walikuwa wameshafeli mtihani na kutawanyika, Ummy alishaozwa. Madawati yao walikalia wengine, na hao Bi Arwa hakuwa na la kuwaonyesha.