Homa ya Laptopu na Bibi wa Mtungi

Siku hiyo sikuwa nimeonja uraka, wala nipa, wala pombe yoyote. Nasema hivi mapema kwa sababu nawajua. Msimu wa mabibo ukifika huku Newala, mtu akisimulia jambo la ajabu, swali la kwanza ni alikunywa nini. Mimi sinywi. Mimi ni mke wa mtu, nina studio yangu ya picha, na macho yangu ndiyo yanayonilisha. Basi kaa hapo unisikilize, na ukitaka kucheka, cheka nikishamaliza.

Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa. Malori ya wanunuzi binafsi wa korosho yalikuwa yanapanda huku juu na kupishana barabarani, na kila mtu kafungua kibanda chake, huyu simu, huyu saluni, huyu video. Mimi nikafungua studio. Nilipiga picha za pasipoti, nilirekodi harusi na sherehe za vijana kutoka jandoni, nikachoma sidii. Mtambo wangu mkubwa ulikuwa laptopu ya mtumba, nyeusi, nzito, iliyokuwa imeshachoka kabla haijanifikia. Niliipenda, jamani. Niliifumia kitambaa cheupe chenye maua na maneno Karibu Mgeni, kama tunavyofumia redio na televisheni, ili vumbi letu jekundu lisiiguse. Na kwa kuwa malori yakipita meza ilitetemeka, niliilaza juu ya mto wa kulalia. Mto kabisa, na foronya yake safi. Hakuna mtoto Newala aliyetunzwa vile.

Sasa hebu niambie, kwa nini ilikuwa inazimika kila mchana?

Asubuhi inafanya kazi vizuri tu. Jua likifika utosini, feni yake inaanza kulia, inalia, inalia, halafu kimya. Ukiigusa unarudisha mkono mwenyewe. Niliishusha hadi Masasi kwa fundi mmoja pale Mkomaindo, na mto wake na kitambaa chake, maana sikutaka aiweke ovyo kwenye meza yake ya mafuta. Mchana ulipofika ikamzimikia mbele ya macho. Akaniambia mashine imezeeka, niiuze vipuri. Nikamwambia mzee ni yeye. Nikaibeba nikarudi nayo juu, nimenuna njia nzima.

Majirani walikuwa na jibu lao. Walisema ni jini la mchana, lile linalopita jua likiwa kali na barabara ikiwa tupu. Niliwakaripia. Nikawauliza, jini gani hilo lenye kazi na kompyuta? Lakini nisikudanganye, usiku nikilala nilikuwa naliwaza.

Hapo ndipo alipokuja Mama Asumini kutoka Mkunya. Alikuwa mjane kijana, Asumini ni jina lake mwenyewe. Mume wake, Salumu, alikuwa mpiga ngoma ambaye akishika vijiti hata wagonjwa wanatoka kitandani. Salumu alifariki mke akiwa mjamzito. Mtoto akazaliwa wa kiume, akapewa jina la baba, na eda ya mama ikaisha hapo. Sasa mama alikuja kwangu na mtoto mgongoni na kanda ya video mkononi, zile kubwa za zamani. Salumu hakuwa mtu wa kupenda picha. Duniani alikuwa amebaki ndani ya kanda hiyo moja, akipiga ngoma siku mpwa wake alipotoka jandoni.

Nilipoifungua nikaona ukungu umeanza kuila. Nilirekodi kanda za kutosha maishani mwangu, nikajua hiyo ingekubali kuchezwa mara moja, basi. Mara ya pili ingekatika. Na ilikuwa kanda ya saa tatu. Ili iingie kwenye laptopu lazima ichezwe yote, mwanzo mpaka mwisho, mashine isizimike hata kidogo. Ungesema nisubiri usiku pakipoa, siyo? Usiku msimu ule ulikuwa wa mgao wa umeme, na ukirudi ni saa nne asubuhi. Na kungoja mvua zipoze hali ya hewa ilikuwa sawa na kuuachia ukungu chakula.

Nilimweleza yote hayo, sikumficha. Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akasema, "Mama Zuhura, huyu mwanangu hajui baba yake ana uso gani. Jaribu."

Ningekataaje?

Nikaanza asubuhi ya Ijumaa, umeme uliporudi tu. Mama Asumini alishindwa kukaa, akasema moyo utampasuka, akaenda kungoja kwa shangazi yake. Nikafunika laptopu yangu kwa kitambaa, nikaunyoosha mto chini yake vizuri, nikaiwasha deki ya video. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda sawa. Kisha jua likapanda. Bomba halikuwa limetoa maji wiki nzima, wenye baiskeli wakishuka Kitangari kuchota, na joto lilikuwa joto la kuchubua ngozi. Wanaume walikwenda msikitini, maduka yakafungwa, barabara ikawa tupu. Feni ikaanza kulia. Nikaongeza khanga juu ya kitambaa ili vumbi lisiingie. Ndiyo, nimesema nikaongeza! Feni ikazidi kulia, nami nikaanza kulia nayo. Salumu alikuwa ndiyo kwanza anaivaa ngoma yake.

Hapo mlangoni pakaingia giza kidogo, nikainua macho.

Alikuwa bibi kikongwe, ana ndonya, kile kigingi cha mpingo, kwenye mdomo wa juu na chale mashavuni, kama walivyokuwa bibi zetu zamani. Amejifunga kaniki. Kichwani ana mtungi wa udongo, na miguu yake imelowa hadi vifundoni, wakati Newala yote haikuwa na tone. Nikasema, "Shikamoo bibi." Hakujibu. Nikashangaa, maana wewe uliona wapi mzee wa huku akaamkiwa asiitike?

Alikwenda moja kwa moja kwenye meza. Akanitazama, siyo kwa ubaya, kama mama anayemtazama binti aliyeunguza mboga. Akasema kwa Kimakonde, mimi nakupa kwa Kiswahili: "Mwanangu, mwenye homa unamfunika blanketi?"

Akaitoa khanga. Akakitoa kitambaa changu, akakikunja taratibu, akakitia kibindoni. Akauvuta mto, akautupa sakafuni. Akaokota vipande vitatu vya tofali nilivyozuilia mlango, akavipanga mezani kama mafiga, akaikalisha laptopu juu yake ikiwa inaendelea na kazi, hewa ikawa inapita chini. Kisha akainama akapuliza mara moja kwenye matundu ya ubavuni. Likatoka donge la vumbi jekundu lililosokotana na nyuzi nyeupe. Nyuzi zangu! Kitambaa changu nilichokifuma kwa mapenzi ndicho kilichokuwa kinamkaba mwenzangu pumzi.

Akanionyesha mtungi wangu wa maji ya kunywa, ule uliokaa kwenye mchanga pembeni, kwenye kivuli na upepo. Nikamwelewa. Kila nyumba ya huku inajua kuyapoza maji. Mtungi huufungii kwenye mablanketi, unauacha upepo uupitie, unatoa jasho, maji yanakuwa baridi. Tunalijua hilo tangu tukiwa wadogo, na mimi nilikuwa nimekaa nalo chumba kimoja.

Mwisho aliichukua khanga yangu, akaushusha mtungi wake ili ailoweshe. Alipouinamisha nikaona kitako chake. Kilikuwa kimetobolewa, tundu la kupita vidole viwili, mwanga wa dirisha ukapenya nikauona kwa macho haya. Na tundu lile halikuvuja hata tone. Maji yalitoka mdomoni mwa mtungi tu, mengi, ya baridi. Akaitundika khanga mbichi dirishani, upepo ukapita katikati yake, chumba kikapoa kama asubuhi.

Nikageuka kutazama kioo cha laptopu, nusu sekunde hivi. Nilipogeuka tena hakuwepo.

Sakafuni palikuwa na nyayo za maji kutoka mlangoni hadi mezani. Za kutoka hazikuwepo. Nilikaa kwenye kiti, na niliposikiliza, feni ilikuwa imeshusha sauti. Ilikuwa inavuma taratibu tu, imetulia. Kanda ikaendelea. Salumu akapiga ngoma, akacheka, akajifuta jasho, akapiga tena. Jua likapita utosini, likaanza kushuka, na laptopu haikuzimika. Kanda ilipofika mwisho na deki kujizima yenyewe, nilipiga kigelegele peke yangu ndani ya studio, watu wanaotoka msikitini wakasimama kunishangaa.

Mama Asumini alikuja mbio. Nilimwonyesha uso wa mumewe kwenye kioo, safi kabisa, akalia na kucheka kwa pamoja huku amemnyanyua mtoto mbele ya picha. Tulipotulia ndipo nikamsimulia. Nilipotaja ndonya akanisogelea. Nilipotaja mtungi wenye tundu, akakaa sakafuni.

"Lile tundu nililitoboa mimi," akasema. "Ni mama yake Salumu."

Kwao mwanamke aliyeteka maji umri wake wote akifa, mtungi wake hautumiwi na mwingine. Unatobolewa kitako, unawekwa juu ya kaburi lake. Mama mkwe wake alishuka na kupanda kilima cha Kitangari tangu usichana mpaka mgongo ulipopinda, na alikuwa amefariki kabla hata ya kanda ile kurekodiwa. Kumbe mama alikuja kumtoa mwanawe kwenye ukungu, maana mjukuu wake alikuwa hajamwona baba.

Kesho yake tulikwenda Mkunya pamoja, mchana kweupe. Kaburi liko pembeni ya mikorosho yao, na mtungi uko pale, umeegemea, tundu lake lilelile. Ndani yake kulikuwa na kitambaa changu. Kimekunjwa vizuri, kimelowa, maneno yametokea juu: Karibu Mgeni. Nani angekitoa? Tulikiacha, tukamwombea dua, tukaondoka.

Sidii ile ilionyeshwa Mkunya uwanjani, televisheni juu ya meza na jenereta nyuma. Salumu alipoanza kupiga ngoma kwenye kioo, wapiga ngoma waliobaki hai wakashindwa kukaa, wakazileta zao, wakampokea. Sijapata kuona watu wakifurahi vile. Wengine walikuwa wanacheza machozi yanawatoka, na mimi nilikuwa katikati yao, sioni haya kusema, natamba.

Laptopu je? Iwe jua, iwe kipupwe, ilifanya kazi kwangu miaka na miaka, mchana kutwa na usiku umeme ukiwepo, juu ya vipande vitatu vya tofali, khanga mbichi dirishani, na kila wiki naisafisha matundu kwa brashi ya rangi. Yule fundi wa Mkomaindo alisikia, akapanda mwenyewe kuja kuiona. Nilimkaribisha chai. Alizunguka meza, akainama, akatazama chini ya mashine, akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia kwa mama mmoja wa Mkunya, nikamwongezea sukari.

Mtoto wa Salumu alipoanza kusema, mama yake alimleta studio siku moja ya joto amwangalie baba yake. Katikati ya ngoma kaacha kioo. Akageukia mlangoni, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akainua kimkono chake kuomba kichwa kiguswe kama tunavyowafundisha watoto, akasema, "Shikamoo bibi."

Nami nikasikia, Mama Asumini akasikia, sauti ya kikongwe, karibu kabisa: "Marahaba, mjukuu wangu."

Nywele za mtoto zilikuwa zimelowa utosini. Nilizigusa kwa mkono huu.

Basi wewe uliyekaa hapo unatabasamu, sikiliza. Nenda nyumbani ukaivue hiyo mashine yako nguo, uiondoe kwenye godoro, uiache ipumue. Na mchana, jua likiwa kali na barabara tupu, akiingia bibi mwenye miguu iliyolowa, usikimbie na usimuulize maji kayatoa wapi. Mwamkie. Asipokuitikia, mwachie nafasi, maana huenda hakuja kwa ajili yako.