Rangi Nilizozipangusa kwa Shati

Hili nalisimulia kwa aibu, maana hadi leo nikiona basi la Namanyere nageuza uso. Mimi ni fundi redio wa Mazwi, mtu wa kuhesabu skrubu mara mbili (nikifungua na nikifunga), na Sista Yustina, anayewapimia wakulima udongo kwenye chumba kimoja cha misheni, aliniita nibadilishe taa ya mashine yake ya kupimia. Taa tu. Nikabadilisha, ikawaka, na hapo ningebeba mkoba wangu nikaenda zangu.

Lakini akina mama wa kikundi kutoka Nkasi walikuwa wamekaa kwenye benchi na vifuko vyao vya udongo, mvua imekaribia, wanangoja kujua mashamba yao yanataka mbolea gani, wananitazama, na mimi nikitazamwa huwa naongeza kazi. Nikafungua mfuniko wa pili. Ndani kuna kibao cha kioo, kidogo kama kiberiti, kimekaa kwenye kiti kinachozunguka, kimeshikwa na skrubu tatu, na usoni kinametameta rangi zote kama dizeli juu ya dimbwi. Nikasema, mafuta haya! Nikakichomoa, nikakipangusa kwa pindo la shati mpaka rangi zikafifia (nikajiona bingwa), nikakirudisha, skrubu tatu, nikahesabu tena, tatu.

Sista, aliyekuwa ametoka nje, akaingia, akapima maji matupu kwanza, kama kawaida yake. Kisha akapima maji aliyochujia udongo wa Mama Sikazwe, mmoja wa wale wa benchini. Namba ileile.

"Kumbe shamba langu na bomba ni ndugu!" akasema Mama Sikazwe, benchi zima likacheka.

Sista hakucheka. "Fundi, umegusa nini?"

"Nimetoa mafuta tu, Sista. Yale ya rangirangi."

"Hayakuwa mafuta." Akakaa. Akanieleza polepole, mbele ya wote, kwamba kibao kile kina mistari maelfu, myembamba kuliko unywele, ndiyo inayoupasua mwanga wa taa kuwa rangi, na kiti kikizunguka, rangi moja tu inapita ndani ya maji yanayopimwa hadi kwenye kipimo. Hakiguswi hata kwa kidole. Na zile skrubu hazikazwi hivihivi, kibao kikiinama kidogo tu mwanga unakwenda pembeni.

Vifuko vikapelekwa Mbeya, majibu yakarudi mahindi yamefika magotini. Mama Sikazwe alishapanda kwa kukisia, akatia mbolea isiyo yenyewe, mahindi yakadumaa. Nilipanda basi la Namanyere kwenda kwake Nkasi kumwomba radhi. Akaitikia shikamoo yangu, akaniwekea ugali wa ulezi, akasema, "Kula, baba, ulikuwa unasaidia."

Nikala. Afadhali angenitukana. Sasa kitu nisichokijua nauliza kwanza, hata nikionekana mjinga.