Simu iliandika Kiingereza kizuri kuliko changu, nikaogopa kukigusa: yaliyonikuta kazini London

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko nyumbani na tulioko huku kwenye baridi.

Miaka mingi nimekuwa msomaji tu humu. Leo naandika. Nitaeleza yaliyotokea, na pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika. Nimechoka na visa ambavyo msimuliaji hana kosa hata moja.

Elimu yangu ni form two, Korogwe. Mkiona nimekosea mahali mnivumilie.

Naishi Hayes, pembezoni mwa London. Kazi yangu ni carer. Naenda majumbani kwa wazee, nawaogesha, nawavisha, nawapa chai na dawa, naandika notes kwenye simu ya kazi, naondoka kwenda kwa mwingine.

Sasa, mmesikia habari za ile kampuni kubwa ya software. Jina sitaji, sitaki ugomvi na mtu, lakini siku hizi ukifungua simu ni wao tu. Wametoa AI mpya, wamepunguza wafanyakazi, wamesema hivi, wamekanusha vile. Siku walipotangaza kwamba AI yao inasikia Kiswahili, group letu la carers Waswahili lililipuka. Makopakopa matupu. Mmoja akaandika, "Jamani na sisi tumeonekana."

Na mimi nilituma kopa. Nasema mapema ili nisijifanye niliona mbali.

Baadaye kidogo agency yetu ikatuwekea hicho kitu kwenye simu za kazi.

Inavyofanya kazi ni hivi. Unaweka simu mezani, unabonyeza, unaongea na mzee kama kawaida. Ukimaliza unabonyeza tena, na yenyewe inakutolea notes kwa Kiingereza safi. Unasoma, ukiridhika unabonyeza Approve. Chini kabisa kuna kibox cha kuongeza kitu kwa maneno yako mwenyewe.

Hicho kibox mkikumbuke.

Halafu kuna sheria: ukiingia na mtu bafuni, unazima. Sheria nzuri kabisa. Hakuna anayetaka kurekodiwa akiogeshwa.

Niwaambie notes zilikuwaje kabla. Mimi nilikuwa naandika kwenye basi, dakika ishirini kwa mzee mmoja, na bado zinatoka vibaya. Meneja wetu ni dada mmoja Mpunjabi aliyezaliwa Nairobi, anaitwa Jasbir, Kiswahili anacho. Alikuwa ananipigia simu: "Elias, hii umeandika ni nini? The leg is angry? Mguu imekasirika aje?"

Nilitaka kusema mguu umevimba na umekuwa mwekundu. Neno lilinipotea.

Alikuwa anacheka, lakini anamtuma nesi. Hilo nalo mlikumbuke.

Baada ya AI kuja, Jasbir akanipigia: "Elias! Notes zako siku hizi ni kama za daktari!"

Wakuu, nilifurahi. Niliposhuka basi nilizisoma tena nikiwa nimesimama kituoni. Khamis was in good spirits and engaged warmly in conversation. Chini yake jina langu. Mimi wa form two.

Khamis mwenyewe ni mzee wa Kipemba anayeishi Southall. Mkewe alishafariki. Ana binti mmoja, Salma, anafanya kazi ofisini na humpitia baba yake jioni. Mzee ana kisukari. Aliomba mwanamume anayejua Kiswahili, ndiyo nikapelekwa mimi, Jumatatu mpaka Ijumaa asubuhi.

Siku ya kwanza nilipoweka simu mezani aliiangalia kama mtu aliyeletewa mgeni bila taarifa.

"Hicho kidude chasikiliza?"

"Kinasikiliza, mzee wangu. Kinaniandikia."

"Nyinyi wabara bwana. Kuandika mwataka muandikiwe, karibu mtataka na kula mliliwe." Akainama kwenye simu. "Hujambo we kidude? Mkeo hajambo?"

Tulicheka wote wawili. Notes zikasema ana ucheshi mzuri. Ni kweli, anao.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Sisi tunajuana. Mtu wetu ukimuuliza hujambo, atasema sijambo hata kama ana drip mkononi. Kwanza unajibu vizuri, unamshukuru Mungu, mnaulizana habari za watoto, ndipo baadaye maneno yanatoka. Jibu la kwanza ni heshima. Habari yenyewe iko kwenye jibu la pili.

Mzee Khamis jibu lake la kwanza lilikuwa sebuleni, simu ikiwa mezani: "Alhamdulillahi, mzima."

Jibu la pili lilikuwa bafuni, ninapomuosha miguu. Simu imezimwa.

Alhamisi moja, bafuni, akaniambia taratibu, "Mwanangu, kidole hiki tangu jana sikisikii."

Kidole gumba cha mguu wa kushoto. Nikakiangalia. Ubavuni kimekuwa cheusi, kama ndizi iliyogongwa. Nikakibonyeza. "Hapa?"

"Sisikii."

"Nitawaambia ofisini, mzee."

"Waambie. Ila Salma usimtie hofu, ana mambo mengi."

Tukarudi sebuleni, nikamvisha soksi, nikamkorogea chai. Nikachukua simu. Notes zilikuwa tayari: Khamis reports feeling well. No concerns raised. Yaani hajambo, na hakuna la kutia wasiwasi.

Niseme haki, ile AI haikudanganya. Iliandika ilichosikia, na ilichosikia ni alhamdulillahi, mzima.

Nikafungua kile kibox. Nikaandika: He toe no feeling. It is black.

Nikasoma juu, nikasoma chini. Juu Kiingereza cha daktari, chini Kiingereza changu. Ikawa kama suti imetiwa kiraka cha gunia. Nikaona watajua kwamba zile notes zote hazikuwa zangu. Jinsi nilivyokuwa mjinga, wakuu, kila mtu alikuwa anajua. Jasbir mwenyewe ndiye aliyeiweka kwenye simu yangu.

Nikafuta.

Nikajiambia nitapiga simu. Nikapiga nikiwa kituoni, laini ikawa bize. Kama nilipiga tena mara ya pili sina uhakika. Nimefikiri sana na bado sina uhakika, kwa hiyo sitasema nilipiga.

Nikabonyeza Approve.

Ijumaa nikamuuliza kuhusu kidole, akasema, "Afadhali kidogo." Nikakiangalia, nikaona kama kiko vilevile. Nadhani niliona nilichotaka kuona. Approve tena.

Nina daftari nyumbani. Huwa naandika siku yangu ilivyokwenda, mambo madogo madogo, kwa Kiswahili. Alhamisi na Ijumaa zote mbili niliandika habari za kidole. Kwa mkono wangu. Kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma.

Samahani, nilikuwa nimeacha maharage jikoni. Nimerudi.

Wikiendi alikwenda mwenzangu mmoja, jamaa wa Ghana, mtu safi. Akasoma notes zangu: no concerns. Akamsalimia mzee, mzee akasema fine, na soksi tayari alikuwa amezivaa mwenyewe. Hakuwa na sababu ya kumvua. Wanaotaka kumlaumu huyu, naomba wasimlaumu.

Jumatatu nilipofungua mlango harufu ilinipokea kabla ya mzee. Nikamvua soksi. Sitaeleza.

Nikaita ambulance. Hospitali walikata vidole viwili.

Group likachachamaa. Sasa ile AI ya makopakopa ikawa shetani. "Kaka sema ni AI." "Hizo kampuni zina hela, zisemwe." "Usijibebeshe msalaba wa mzungu." Walikuwa wananipenda, ninajua.

Jasbir akanipigia simu. Sauti imechoka. "Elias, niambie tu. Mzee alisema na mashine haikuandika? Ama hakusema kabisa? Tuna meeting na binti yake Jumatano."

Ona sasa. Njia mbili, na zote zinaniokoa. Nikisema ilisikia haikuandika, ni kosa la software. Nikisema mzee hakusema, ni kosa la mzee. Na hakuna ushahidi, kwa sababu bafuni simu ilikuwa imezimwa kwa sheria yao wenyewe.

Nikamwambia, "Dada, nitasema Jumatano."

Visa yangu ya kazi iko chini ya agency hiyo hiyo. Nikifukuzwa, nina muda mfupi tu wa kupata mwajiri mwingine, la sivyo ni kurudi. Mke na watoto wako hapa. Kwa hiyo msifikiri nilikuwa jasiri. Asubuhi ya Jumatano nililitoa daftari kwenye begi mara mbili nikalirudisha kabatini. Mara ya tatu nikaliacha kwenye begi kwa sababu basi lilikuwa linakuja. Huo ndio ukweli wa ushujaa wangu.

Tulikuwa watatu. Jasbir, Salma, mimi. Salma alikuwa na zile notes amezichapisha, karatasi zimekunjika kwa kushikwashikwa.

"Siku mbili hapa mmeandika no concerns," akasema. "Baba kakwambia au hakukwambia? Nataka hilo tu."

Jasbir akaanza kwa upole, "Tunaangalia na wale wa software kama system ilikosa..."

Nikatoa daftari. Nikafungua ule ukurasa. Nikamsukumia Jasbir.

Akasoma kwa sauti, kwa kile Kiswahili chake cha Nairobi. "Alhamisi. Mzee Khamis kidole gumba cha kushoto hakisikii. Kimeanza kuwa cheusi. Nimeogopa kuandika, Kiingereza changu kibaya. Nipige simu ofisini." Akafungua Ijumaa, akaisoma kimoyomoyo, akafunika.

Salma akaniangalia. "Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua, dada."

"Tangu Alhamisi."

"Tangu Alhamisi."

"Ukaogopa Kiingereza." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Mimi nimekulia hapa, Elias. Baba yangu kwa miaka arobaini ameongea Kiingereza kibovu mbele za watu, madukani, hospitali, shuleni kwangu, nikimuonea haya. Hakuogopa hata siku moja. Wewe ukaogopa simu?"



Sikufukuzwa. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu sijui kama ni haki. Jasbir aliandika kwamba nilisema mwenyewe. Nikapewa barua ya onyo, nikarudishwa training, na kwa mzee Khamis nikaondolewa. Salma alisema hataki kuniona mlangoni, na alikuwa na haki.

Wiki kadhaa zikapita. Jumamosi moja simu ikaita, ni Salma.

"Baba haongei na carer mpya. Kila kitu fine. Nesi, fine. Mimi, fine. Kidonda sijui kinamuuma au hakimuumi." Akavuta pumzi. "Sijakusamehe. Njoo umuulize tu."

Nikaenda Jumapili, kama mgeni, na mkate wa nazi aliouoka mke wangu.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli umefungwa bandeji.

"Hujambo mzee wangu?"

"Alhamdulillahi, mzima. Kidude chako kiko wapi?"

"Sikuja nacho."

"Mke hajambo? Watoto?"

"Hawajambo."

Tukanywa chai. Sikunyanyuka. Salma alikuwa mlangoni pa jiko amesimama na kitambaa mkononi. Nikamwomba mzee msamaha, akapunga mkono kama anafukuza nzi. Sikujua kama ni ndiyo au ni acha. Tukakaa tena.

Halafu akasema, "Kisigino."

"Kimefanyaje?"

"Chauma tangu juzi. Nikilala."

Salma akaweka kitambaa chini na kumpigia nesi simu pale pale.

Tangu hapo naenda kila Jumapili. Salma ananifungulia mlango. Hanichekei, lakini siku hizi ananiwekea kikombe.

Juzi ile kampuni wametangaza toleo jipya. Sasa AI ikimaliza inauliza kama kuna kingine cha kuongeza. Group likatuma tena makopakopa. Mimi sikutuma, wala sikutukana. Kuna wenzangu inawasaidia sana, na kile kibox kilikuwepo tangu mwanzo.

Mimi nakijaza sasa, kila mzee, kila siku. Wiki iliyopita Jasbir alinipigia simu kuhusu mama mmoja ninayemhudumia huku Hayes.

"Elias, mguu imekasirika tena?"

"Umekasirika, dada."

"Sawa. Natuma nesi."

Nilichojifunza ni kidogo na kimenigharimu, tena kimemgharimu mwingine zaidi yangu. Andika ulichokiona kwa lugha uliyonayo, iwe mbovu. Na mtu wetu akisema mzima, usinyanyuke. Kaa.

Wakuu mnaofanya kazi hizi, na ninyi mna kitu kama hicho kwenye simu? Mnaongezea chini, au mnabonyeza tu na kuondoka? Na anayeona nilistahili kufukuzwa aseme, nitasoma yote. Mimi mwenyewe kuna siku nakubaliana naye.