Samaki wa Fedha Katika Nyumba ya Watu wa Maziwa

Sisi tuliokulia upande wa Silibwet, wakati chai ya wakulima wadogo ilikuwa bado changa mashambani, tulikijua kijito kabla ya kuijua barabara ya lami. Tulitumwa kuteka maji, nasi tulikawia. Tulilala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, mashati ya shule yakilowa tumboni, tukitazama visamaki vyembamba vikishindana na mkondo bila kusogea mbele wala nyuma, kana kwamba vimefungwa kwa uzi. Hatukuwa na jina la kuviita. Nyumbani kwetu palinukia moshi, mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, na ugali wa wimbi. Samaki hakuwa chakula, wala hakuwa mazungumzo. Siku tulipovinasa kwa kikapu cha kuchumia chai na kuvileta hadi uani, mama aliacha kazi yake akapaza sauti.

"Tupeni huko! Hao ni watoto wa nyoka. Mnataka ng'ombe wakatae kutoa maziwa?"

Tulivirudisha mbio, kwa sababu enzi zile neno la mama halikupigiwa kura.

Aliyetufungua macho ni mwalimu wetu wa darasa la nne, mtu mkali mwenye koti moja la kijivu na fimbo aliyoitumia kuonyesha zaidi kuliko kuchapa. Alitupeleka kijitoni, akatia kisamaki kimoja katika chupa ya jemu, akaiinua juani. "Nyoka ana mapezi?" aliuliza. "Nyoka ana vifuniko hivi vinavyofunguka na kufungika nyuma ya kichwa? Atakayeanza jibu lake na 'nimesikia' ataketi chini." Nusu ya darasa iliketi. Mimi nilibaki nimesimama, na jioni nikampelekea mama matokeo ya uchunguzi wetu, hoja baada ya hoja. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukamua.

"Basi," alisema, "ni mtoto wa nyoka mwenye mapezi."

Vijana wa leo wataniambia kwamba swali kama hilo hujibiwa na simu kabla ng'ombe hajageuza kichwa. Ni kweli, na jibu la uongo hufika kwa kasi ileile. Nina ushahidi wa jambo hilo, na umo sebuleni mwangu.

Mwaka huu, nikiwa mstaafu ambaye magoti yake hayamruhusu tena kulala penye umande, nilijinunulia kijito changu mwenyewe: tangi la kioo lenye urefu wa kochi, na kundi dogo la samaki ambao muuzaji mmoja wa Kericho aliwaita silva dola. Ni samaki wa duara, bapa, weupe wa kung'aa kama sarafu mpya iliyosimamishwa kwa ukingo. Niliviacha vifuko vya plastiki walimokuja vielee tangini hadi maji ya ndani na ya nje yakalingana joto, kisha nikawafungulia. Wote walikimbilia nyuma ya jiwe, wakajibanza huko.

Jirani yangu Wafula alikuja kuwatazama. Baba yake alitoka magharibi kuja kuchuma chai, na Wafula amelelewa akila samaki. Hapa ndipo watu wetu hukosea: sisi watu wa maziwa huamini kwamba yeyote aliyekula samaki utotoni ni mtaalamu wa samaki wote duniani. Mke wangu, Mama Kiprono, alisimama kando akingoja hukumu.

"Aki mzee, hawa nawajua," Wafula alisema. "Hawa ni wale wa meno. Niliona wakimaliza ng'ombe mzima, ikabaki pembe."

"Ulimwona wapi ng'ombe huyo?"

"Kwa simu."

"Na samaki wenyewe uliwahi kuwashika?"

"Wewe mzee! Nani anashika hao?"

Angesema walimla mtu, pengine mke wangu angestahimili. Lakini alisema ng'ombe.

"Baba Kiprono," mke wangu aliniambia baada ya Wafula kuondoka, "Chepkoech anakuja Jumamosi. Unajua mjukuu wako haachi kutia mkono penye maji. Hao samaki watoke kabla yake, ama Wafula awakaange."

Nilichukua kioo cha kukuzia, nikaketi mbele ya tangi. Samaki wa meno anayesemwa ana taya la chini lililosonga mbele, kama mtu aliyeudhika, na meno ya pembetatu. Hawa wangu walikuwa na vinywa vidogo vya adabu. Wapo pia ndugu zao wengine, wanaokua hadi kujaza sinia, lakini hao huwa wanene na mara nyingi wana wekundu tumboni. Wangu walikuwa wembamba na weupe, isipokuwa mstari mwekundu kwenye pezi la chini la baadhi yao. Nilimweleza mke wangu haya yote kwa utaratibu.

"Kinywa kidogo pia kinauma," alisema.

Alikuwa na haki ya kudai ushahidi bora, na ushahidi bora ni chakula chenyewe. Silva dola hula majani. Lakini wangu hawakula chochote. Mama Kiprono, kwa ushauri wa Wafula, aliwateremshia kipande cha maini ili wajifichue. Hawakukigusa. Maini yalikaa mchangani, maji yakachafuka yakawa kama ya kuoshea mchele, na samaki mmoja akaanza kuelea upandeupande. Ijumaa ilipofika nilihofia kwamba watakufa kabla hawajapata nafasi ya kujitetea.

Niliyatoa maini, nikaondoa sehemu ya maji, nikaongeza ya mvua kutoka tangi la paa, yaliyokwisha kukaa ndani ya nyumba yakapoteza baridi. Baridi hii yetu inayoipa chai utamu ni adui wa samaki waliotoka mito ya joto. Kwa hiyo nilikipandisha joto kidogo kipasha maji cha tangini. Nilifunika ubavu mmoja wa tangi kwa blanketi kuukuu, wasishtuke kila mtu apitapo, na juu nikaweka kifuniko, maana huruka. Mwisho nilichovya jani la spinachi katika maji moto, nikalifunga kwenye jiwe, nikaondoka. Kumkodolea macho mgeni anayekula si heshima.

Jumamosi asubuhi Mama Kiprono ndiye aliyeniita. Spinachi ilikuwa imebaki uti wa katikati tu. Hata mmea wa majini nilioununua kwa ajili ya urembo ulikuwa umekatwa usawa juu, kama shamba lililopitiwa na mchumaji hodari. Yule aliyeelea upandeupande alikuwa wima, akisafisha kikonyo cha mwisho.

"Wamechuma," mke wangu alisema taratibu. "Na hawakuacha hata la kesho."

Wafula aliitwa. Aliinama akautazama ule uti wa spinachi. "Labda wale wa simu walikuwa na njaa," alisema.

Chepkoech alipofika, alibandika pua kwenye kioo. "Kogo," alimwuliza nyanya yake, "mbona wanatembea pamoja?" Nilifungua kinywa nieleze, nikakuta nimetanguliwa. "Ni kundi," Mama Kiprono alisema. "Ukimtenga mmoja, anakonda."

Mama yangu aliaga dunia bila kumtazama samaki usoni, wala simlaumu; sisi wenyewe, pamoja na kulala kwetu kijitoni, tuliona migongo tu. Chepkoech huwaona kwa ubavu, jicho kwa jicho. Kijito kile sasa kimekonda kwa kunywewa na mikaratusi, na mtoto anayetumwa maji hutumwa bombani, akarudi upesi bila la kusimulia. Hilo hunisikitisha. Lakini jana nilimkuta Mama Kiprono nyuma ya nyumba, karibu na zizi, akipanda mstari mpya wa spinachi. Nilimwuliza kama ni mboga yetu.

"Yetu ni ile ya kule," alisema bila kuinuka. "Hii usiguse."