Siku Mnara wa Spiriti Ulipozimwa

Kiwandani walimwita Mama Mvuke, kwa sababu ndiye aliyeuendesha mnara wa kuchemshia spiriti tangu ujana wake. Sauti yake ilipasua masikio, maana kutwa alizungumza akishindana na ngurumo ya mnara. Nyumbani mumewe alizoea kumwambia, “Mama watoto, taratibu, mimi si bomba,” naye akicheka mpaka machozi. Viganja vyake vilijaa makovu ya kuungua. Kila akiingia zamu aliyapapasa mabomba kama mtu anayemjulia hali mgonjwa.

Kisha ikaletwa mitambo mipya isiyochemsha kitu, inayoitenga spiriti na maji kwa utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Siku ya kuuzima mnara, mhandisi kijana alimpisha kwa heshima. “Mama, bonyeza wewe.” Akabonyeza. Ngurumo ikafifia, ikakatika, wenzake wakapiga makofi. Yeye akaenda msalani, akakawia, akarudi uso umelowa maji. Akaketi mbele ya skrini aliyopangiwa.

“Haya, mwanangu, nifanye nini?”

“Hakuna kitu, mama. Inajiendesha yenyewe. Wewe angalia tu.”

Akaangalia mpaka jioni, mikono imelala mapajani.